Amekaa au amekalishwa? Kuandika mwaka wa kwanza wa mtoto

Mwanangu wa kwanza alikaa akiwa na miezi minne. Mama mkwe ndiye aliyetangaza, nami nikaandika kwenye kaunta buku nililolinunua kwa kazi hiyo: "AMEKAA!" na tarehe yake. Wiki chache baadaye niliandika tena "amekaa". Kisha mara ya tatu. Miaka mitatu ikapita, nikawa na mtoto wa pili kifuani na hamu ya kulinganisha. Nilipofungua kurasa zile nilikuta kukaa kumeandikwa mara tatu, tarehe tatu tofauti, bila hata neno moja la kunieleza kila siku nilikuwa nimeona nini.

Ile ya kwanza niliitambua kwa sababu ipo picha. Mtoto yuko ndani ya beseni la kufulia, kanga imekunjwa ikazungushwa kiunoni, mto uko mgongoni, mikono imeshika ukingo wa beseni. Ukimtazama utasema amekaa. Toa mto na kanga uone kama atabaki wima. Ya pili nadhani ndiyo siku aliyokuwa mkekani, viganja vyote viwili chini mbele yake, mgongo umepinda. Ya tatu, Mungu anajua.

Kiswahili kilikuwa kimenipa jibu mapema, ila sikulitumia. Mtoto hukalishwa kabla hajakaa. Husimamishwa, kisha husimama dede, kisha husimama. Hutembezwa kwa kushikwa mikono, kisha huenda tata, kisha hutembea. Kitenzi cha alichofanyiwa ni kimoja na cha alichofanya ni kingine, na kati ya hivyo viwili zinaweza kupita wiki nyingi. Kushika kalamu ni kazi ndogo. Kazi ni kuamua ulichokiona.

Wapo watu waliolazimika kuamua hivyo kwa makini sana. Kati ya 1997 na 2003 Shirika la Afya Duniani lilifuatilia ukuaji wa watoto katika nchi sita: Brazil, Ghana, India, Norwei, Oman na Marekani. Sehemu ya utafiti huo iliyohusu viungo na mwendo ilifanyika katika zote isipokuwa Brazil, ikahusisha watoto 816. Wakaguzi walipita kila mwezi kumtazama mtoto tangu miezi minne hadi mwaka, kisha kila miezi miwili, na ili mkaguzi wa Muscat na yule wa Accra waandike kitu kilekile, kila hatua iliwekewa sharti. Kukaa bila msaada: mtoto awe wima, kichwa juu, asitumie mikono kujizuia, kwa sekunde 10 au zaidi. Kutambaa: aende kwa viganja na magoti, tumbo lisiguse chini, mwendo usiopungua mara tatu mfululizo. Kusimama peke yake: nyayo zote mbili chini, asishike mtu wala kitu, sekunde 10. Kutembea peke yake: hatua tano.

Kwa kipimo hicho, "amekaa" langu la kwanza na la pili yote yanaanguka. Sekunde kumi ni chache, lakini jaribu kuzihesabu taratibu huku unamtazama mtoto anayeyumba mkekani.

Jambo linalonigusa zaidi kwenye utafiti ule ni kwamba walezi nao waliandika tarehe zao wenyewe, mbali na wakaguzi. Walichukuliwa kama mashahidi. Mama wa Oman na mama wa Ghana, kila mmoja nyumbani kwake na karatasi yake, walikuwa sehemu ya kumbukumbu ambayo leo inatumika kueleza watoto wa dunia nzima hutembea lini. Kwa hiyo anayekuambia kwamba kuandika ni mambo ya wenye muda wa kuchezea, usimsikilize.

Kabla ya kufika kwenye namba, kuna tope la lugha la kuvuka kwanza. Tunaposema mtoto "yuko mwezi wa sita", mwingine anamaanisha ametimiza miezi sita, mwingine anamaanisha ametimiza mitano na anaendelea na wa sita. Ni tofauti ya siku thelathini, na katika mwaka wa kwanza siku thelathini ni nyingi mno. Halafu zipo wiki. Kliniki inahesabu kwa wiki mwanzoni, chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kisha inahamia miezi, surua ikiwa miezi 9. Mama anazidisha kwa nne na kusema wiki 12 ni miezi mitatu, kumbe miezi mitatu ya kalenda ni wiki 13. Ukiendelea hivyo mwaka mzima utapata mwaka wa wiki 48, na mtoto "atachelewa" kwa kosa la hesabu tu.

Dawa yake ni nyepesi: usiandike umri. Andika tarehe ya siku yenyewe, siku, mwezi na mwaka. Umri utahesabiwa baadaye na yeyote atakayehitaji, akiwa na tarehe ya kuzaliwa mbele yake.

Sasa namba. Utafiti ule haukutoa tarehe moja kwa kila hatua. Ulitoa dirisha, yaani muda kati ya mtoto mmoja katika mia aliyewahi kupita wote na mmoja aliyechelewa kupita wote. Kukaa bila msaada: miezi 3.8 hadi 9.2. Kusimama kwa kushikilia kitu: 4.8 hadi 11.4. Kutambaa: 5.2 hadi 13.5. Kutembea kwa kushikilia: 5.9 hadi 13.7. Kusimama peke yake: 6.9 hadi 16.9. Kutembea peke yake: 8.2 hadi 17.6. (Nukta ile ni sehemu ya kumi ya mwezi, 3.8 ni miezi mitatu na kama siku 24, si miezi mitatu na siku nane.) Tazama dirisha la kutembea: lina upana wa zaidi ya miezi tisa. Watoto wawili wazima kabisa, mmoja akatembea kabla ya mwezi wake wa tisa kwisha na mwingine mwaka na nusu ukimkaribia, wote wamo ndani.

Na kutambaa kuna habari yake. Asilimia 4.3 ya watoto wale hawakutambaa kabisa kwa viganja na magoti. Wengine husota kwa makalio, wengine hujivuta kwa tumbo, wengine husimama wakaondoka. Mwaka 2022 kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, kilipopitia upya orodha yake ya hatua za watoto, kutambaa kuliondolewa. Nimeona mama akihangaika wiki nzima kumlazimisha mtoto wake alale kifudifudi atambae, mtoto ambaye tayari alikuwa anasimama kwa kushika stuli.

Orodha hiyo ya CDC inaeleza pia kwa nini mzazi akisoma sehemu tatu anapata majibu matatu. Zamani hatua ziliwekwa kwenye umri ambao nusu ya watoto wanaziweza. Baada ya 2022 ziliwekwa kwenye umri ambao robo tatu, au zaidi, wanaziweza. Dirisha la Shirika la Afya Duniani linakwenda hadi mtoto wa 99 katika mia. Mtoto mmoja wa miezi 13 ambaye hajatembea, kwa orodha ya nusu amechelewa, kwa orodha ya robo tatu hajafikiwa na swali, kwa dirisha yumo katikati. Mtoto hajabadilika. Kilichobadilika ni swali lililoulizwa. Kabla hujaogopa karatasi yoyote, tafuta inazungumzia watoto wangapi katika mia.

Kuna swali lingine la zamani ambalo huku kwetu tunalikuta vinywani mwa watu: "Watoto wa Kiafrika huwahi." Miaka ya 1950 Marcelle Geber aliwapima watoto Kampala akaripoti kwamba wako mbele ya wa Ulaya, na wengi wakalichukua jambo hilo kama la kuzaliwa nalo. Mwaka 1976 Charles Super alichapisha alichokiona Kokwet, kwa Wakipsigis wa magharibi mwa Kenya. Ni kweli watoto wa Kokwet walikaa, wakasimama na kutembea mapema. Lakini katika kugeuka na kutambaa hawakuwa mbele. Sababu aliiona kwa macho: akina mama walikuwa wanawafundisha kukaa na kutembea, kwa makusudi, kila siku. Mtoto aliwekwa kwenye shimo dogo ardhini, nguo zikamzunguka mgongoni, akajifunza kushikilia kiwiliwili chake. Kutambaa hakukufundishwa kwa bidii hiyo.

Nilipoelewa habari ya Kokwet, nililikumbuka beseni langu la kufulia nikaacha kulionea aibu. Beseni lilikuwa shule. Kosa langu lilikuwa kuandika siku ya kuanza shule kana kwamba ndiyo siku ya kufaulu. Yote mawili yanastahili kuandikwa, kila moja kwa jina lake: "tumeanza kumkalisha kwenye beseni", kisha, siku ikifika, "amekaa mkekani, mikono imeshika kijiko, nimehesabu hadi kumi". Na ukiwa na mistari hiyo miwili unajua mwanao alichukua siku ngapi kutoka hapa kwenda pale.

Kwa sababu hiyohiyo vipimo vilivyotungwa mbali havisafiri vizuri. Kipimo kikitumia vitu ambavyo mtoto hajawahi kuviona, kinapima ugeni wa kitu. Hilo lilifanyiwa kazi Kilifi, ambako Amina Abubakar na wenzake walichapisha mwaka 2008 kipimo kilichotengenezwa palepale pwani kwa watoto wa miezi 6 hadi 35. Nalitaja kwa fahari. Mtoto wa Kilifi alistahili kuulizwa maswali ya Kilifi.

Sasa nije kwenye jambo lililonitesa mimi. Mwanangu wa pili alizaliwa njiti, mimba ikiwa na wiki 33. Nilimpeleka kliniki chanjo ya wiki ya 10, na kwenye daftari langu sehemu ya tabasamu ilikuwa tupu. Wifi alikuwa amekuja siku mbili kabla. "Wifi, wangu saa hizi alikuwa anacheka mpaka na paka." Hakuwa na nia mbaya, lakini sikulala. Nesi alimpima uzito, akamchoma sindano, akaona ninachungulia daftari. Akaniuliza: "Mama, huyu alizaliwa lini, na alitakiwa azaliwe lini?" Nikamtajia tarehe zote mbili. Akachukua kalamu yangu, akaandika ile ya pili juu ya ukurasa wa kwanza, akaizungushia duara. "Chanjo tunahesabu kwa ile. Tabasamu hesabu kwa hii."

Mtoto njiti ana kalenda mbili. Chanjo zinafuata siku aliyotoka tumboni, kwa sababu maradhi hayamsubiri. Lakini ubongo na misuli vinaendelea na ratiba ya tumboni, na wiki alizowahi unazitoa: 40 kutoa 33 ni 7. Siku ile ya wiki ya 10 mwanangu alikuwa, kwa habari ya kutabasamu, mtoto wa wiki tatu. Hesabu hii ya kutoa hutumika hadi mtoto afikishe miaka miwili. Nasikitika ni akina mama wangapi wa watoto njiti hawajawahi kuambiwa hivi, wanakaa mwaka mzima wakiona mtoto wao yuko nyuma wakati anakwenda sawasawa na saa yake.

Alitabasamu wiki ya 13. Toa saba, ni sita. Nasema alitabasamu, na hapo pia ilibidi nichague neno. Mtoto mchanga hukunja midomo usingizini tangu siku za kwanza, na bibi zetu husema malaika wanamchekesha. Tabasamu tunalolisubiri ni lile la kumjibu mtu: unamtazama, macho yake yanakushika, uso unafunguka. Charles Darwin, aliyeandika kwa makini siku za mwanawe William aliyezaliwa 27 Desemba 1839, alitenganisha hayo mawili akaona tabasamu la kweli siku ya 45. Kumbukumbu zile alizichapisha mwaka 1877, miaka 37 baadaye, na zinasomeka kwa sababu aliandika alichofanya na alichokiona. Siku ya saba aligusa unyayo wa mtoto kwa kipande cha karatasi, mguu ukaruka. Hakuandika "mtoto ni mwerevu".

Vivyo hivyo kwa maneno. Kuanzia miezi sita hivi mtoto huanza kurudia silabi, ba-ba-ba, da-da-da, na Kiswahili kinatuletea furaha ya haraka kwa sababu baba na dada ni maneno kamili. Baba mtu akisikia anapiga simu kwa ndugu wote. Furahini, lakini andika: "anasema ba-ba-ba akiwa peke yake, anachezea ungo." Itakuja siku nyingine utaandika: "baba kaingia mlangoni, kamgeukia, kasema baba." Ile ya kwanza si ndogo. Inakuambia kwamba mtoto anajisikia. Mtoto asiyesikia vizuri anaweza kuguna na kupiga kelele kama wengine miezi ya mwanzo, kisha silabi hizo zisije, au sauti zipungue.

Kadi ya kliniki haitakufanyia kazi hii yote. Nguvu yake ni uzito na chanjo, na hapo ni ya kuaminika kuliko daftari lolote. Fuata mstari wa uzito unavyopanda. Kilo za siku moja hazisemi mengi. Mtoto mwembamba ambaye mstari wake unapanda sambamba na mistari iliyochapwa anakua. Mtoto mnene ambaye mstari wake umelala miezi miwili anahitaji kuangaliwa. Kijitabu cha mama na mtoto cha Kenya kina pia sehemu ya hatua za ukuaji. Ukiwa nacho, kijaze. Lakini mtoto anaweza kuongezeka kilo vizuri na wakati huohuo asigeukie sauti, na mizani haitasema.

Meno nayaandika pia, yote, na pale lilipoota. Mengi huanza chini mbele, mara nyingi kati ya miezi sita na kumi. Likianza la juu, andika la juu bila kusita. Pwani tunalo neno kigego kwa mtoto wa namna hiyo, na neno lile limewahi kuwatia watoto hatarini na mama zao kwenye kilio, kwa tofauti isiyo na maana yoyote zaidi ya tofauti ya vidole virefu na vifupi. Daftari langu lina jino la juu la kushoto lililotangulia, na tarehe yake, na sijalificha kwa mtu.

Picha za simu zinasaidia kwa sharti moja: uandike maneno chini yake siku hiyohiyo. Picha ikipita WhatsApp, tarehe yake ya kupigwa hupotea, ibaki ya kutumwa. Na kadi ya kliniki usiiweke status. Ina jina la mtoto na siku aliyozaliwa.

Yapo mambo ambayo ukiyaona usisubiri dirisha lolote lifungwe. Hajakutabasamia akitimiza miezi mitatu. Hajakaza shingo akiwa na miezi minne. Hashtuki kwa mlio mkubwa. Mwili mkavu kama ubao, au legelege kama kitambaa, kila unapombeba. Anatumia mkono mmoja tu kabla ya kutimiza mwaka. Wengi hudhani ni mashoto, lakini mtoto wa umri huo hajachagua mkono, na ule usiotumika ndio wa kuonyesha daktari. Na kubwa kuliko yote: alikuwa anaweza, sasa hawezi. Alikuwa anageukia jina lake, ameacha. Alikuwa anakaa, sasa anaanguka. Hilo ni la kwenda hospitali kwa umri wowote, na hapo daftari linageuka kuwa ushahidi. Mama akisema "nahisi alikuwa anageuka", daktari mwenye foleni anaweza kumtuliza. Mama akifungua ukurasa wenye tarehe nne ambazo mtoto aligeuka, kisha wiki tatu tupu, mazungumzo yanakuwa mengine.

Mwanangu wa pili alikuwa na miezi 15 na ushee kwa kalenda ya kwanza, karibu 14 kwa ile ya duara. Ukurasa unasema hivi: "Jumamosi, tarehe 9. Ameachia kiti cha plastiki uani. Hatua tatu, ameanguka, amelia kidogo. Bado anakwenda tata." Chini yake niliacha nafasi. Kisha: "Alhamisi, tarehe 14, jioni. Kutoka kwa dada yake hadi mlangoni, hakushika kitu. Sita. Dada yake ndiye aliyehesabu."